Saa Sita, Saa Kumi na Mbili

Andama aliisukuma Boksa yake toka Ediofe,
gurudumu la nyuma likitikisika kama jino bovu,
akaiegemeza kwenye nguzo yangu hapa Oli
bila salamu.
"Beringi. Imelia njia nzima. Itoe."

Itoe. Neno fupi hilo.

Nikachomoa ekseli, nikateremsha mnyororo,
nikalilaza gurudumu juu ya tairi kuukuu
na kuchungulia ndani ya habu.
Gololi zimesagika, zimekuwa unga mwekundu.
Pete ya ndani imetoka na ekseli.
Ya nje imebaki,
chuma chembamba kilichojikita katika alumini
kama mpangaji wa miezi minane
anayekusikia ukibisha, na ametulia.

Andama akataka nyundo. Nikampa;
mwenye mali hakatazwi kuumia.
Akapiga pale pale, upande mmoja,
akapigia na mkopo wa pikipiki,
na abiria aliyemkimbia sokoni na nauli,
na mvua ya jana.
Pete ikalala kimshazari, ikazidi kung'ata.

"Lete," nikasema. "Chuma hakitukanwi."

Nina kipande cha nondo nilichokinoa mwenyewe,
ncha yake butu kama ulimi wa mtu mpole.
Nikaifanya habu uso wa saa:
juu, saa sita, ti.
Chini, saa kumi na mbili, ti.
Kushoto saa tatu, kulia saa tisa,
nikizunguka, nikirudi, bila kukaza mkono,
pete isijue inasukumwa toka wapi.

Haikujua. Haikutoka pia.

Jua likapanda juu ya mabati.
Andama akalala kwenye kiti cha pikipiki yake isiyo na mguu.
Nikamwita Zamuda, anayewapikia chai
madereva wa malori ya Ariwara,
akaniuzia birika zima la maji yanayochemka
kwa bei ya vikombe sita, na kicheko juu:
"Mastula, leo unaogesha gurudumu?"

Naliogesha, ndiyo.
Alumini ikipata joto hutanuka upesi;
chuma hufikiri kwanza.
Kati ya haraka ya huyu na uzito wa yule
hufunguka nafasi, unene wa unywele,
na haikai sana.
Nikamimina. Mvuke ukanijaa usoni.
Saa sita. Saa kumi na mbili.

Haikutoka kwa kishindo.
Ilidondoka tu,
kama sarafu ya mia kwenye mfuko uliotoboka,
ikabingiria hadi kwenye kandambili ya Andama.
Akaamka. "Ndiyo hii?"
Ndiyo hiyo. Ingekutosha kidoleni, ungekuwa na kidole kinene.

Nikapangusa kikalio kwa kitambaa na dizeli,
na chini ya kutu nikaona mikwaruzo mitatu ya patasi,
wa tatu umepinda.
Mkono wangu ule.
Ramadhani ya mwaka juzi, dakika chache kabla ya adhana,
koo kavu, mteja anahimiza,
nikaipigilia bila grisi, bila kufuta,
mchanga wa Rhino Camp ungali ndani.
Niliisikia ikikwaruza ikiingia
na nikaenda kula tende.

"Mbona iling'ang'ana hivyo?" Andama akauliza.
"Ilifungwa vibaya."
"Na nani?"
"Fundi mmoja."
Akalaani mafundi wote wa Arua, nikaitikia.

Mpya haigongwi kwa nyundo.
Ile kuukuu niliinoa kwenye jiwe isije ikanasa,
nikaiweka juu ya mwenzake, ipokee kipigo badala yake.
Grisi nilipaka mpaka ikafurika,
nikafuta, nikapaka tena.

"Kiasi gani?"
Nikataja bei ya beringi.
"Na kazi?"
"Mlipe Zamuda maji yake."
Alinitazama kama mtu anayehesabu chenji iliyozidi,
akapiga kiki, akashika barabara ya Vurra.

Nilisimama kizingitini nikitega sikio.
Hakuna kilio, hakuna mkwaruzo,
injini tu, ikififia.
Pete ile nimeitundika kwenye msumari,
karibu na saa ya ukutani.